Sehemu ya Kumi na Tisa

Jumapili, 1 Machi

Tumemaliza. Tamthilia ya Kikorea, sehemu thelathini na mbili, na maandishi yote yaliyopita chini ya kioo cha televisheni nimeyasoma kwa Kiswahili, kwa sauti, mimi mwenyewe. Koo limekuwa kama msasa. Lakini najiona kama mtu aliyepaka rangi jengo la ghorofa sita peke yake, tena kwa ngazi ya kuazima.

Nijisifu, maana daftari hili halina msomaji. Mama mkwe yuko kwetu tangu alipovunjika nyonga. Sura anaziona vizuri. Maandishi hayaoni, na hata angeyaona ni ya Kiingereza. Mke wangu saa hizo bado yuko hospitalini, kwenye mashine za kufulia shuka. Nimebaki mimi. Na Kiingereza changu nimekisomea kwenye mikebe ya rangi: koroga vizuri, paka mara mbili, weka mbali na watoto. Mtu akianza kusema habari za moyo na theluji, naelea. Maandishi yanapita mbio, nadaka nusu, nusu natia mwenyewe kwa kutazama nyuso.

Maoni yangu baada ya miaka miwili kwenye kiti hiki: Wakorea hodari wa kulia. Chozi moja, jicho moja, na linasubiri kamera ifike. Wachina wanaruka juu ya mapaa na mapanga, nywele hazitimki. Za Kihindi, mlango ukifunguliwa unaonyeshwa mara tatu. Nenda kachemshe chai, utarudi bado unafunguka. Za Kifilipino, kofi ndiyo hodi. Na kote huko matajiri wana kuta nyeupe pee, hakuna alama ya kidole karibu na swichi. Nina miaka ishirini na saba kwenye rangi. Nyumba wanamoishi watu haina ukuta ule. Hapo ndipo ninapowakamata.

Jina la mwisho lilipopita, mama mkwe kasema: Umesoma vizuri, mwanangu.

Mwanangu! Miaka ishirini na mbili nilikuwa "huyo wa rangi". Alitaka binti yake apate mtu wa ofisini, mwenye kalamu mfukoni. Mimi mfukoni nilikuwa na kisu cha kukwangulia lipu.

Jumanne, 3 Machi

Balaa. Wametangaza kwamba tamthilia yetu itarudiwa kuanzia mwanzo, Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi na moja jioni — na safari hii wataiingizia sauti za Kiswahili. Mama mkwe amefurahi. Sasa utapumzisha koo, anasema. Nimecheka kama mtu aliyekalia benchi la rangi mbichi.

Niandike ukweli, angalau humu. Kuna dereva wa yule tajiri. Kwenye maandishi kazi yake ni "ndiyo, bosi" na kufungua mlango. Lakini ana uso! Nikamwonea huruma. Nikampa maneno. Dereva wangu ni mjane, anagombana na kuku wa jirani wanaolala kwenye gari la tajiri, na tangu sehemu ya nne anampenda mpishi ila hathubutu kusema. Mama mkwe alikuwa anacheka mpaka anashika nyonga. Akamsimulia jirani yetu mshonaji, tunayemwita Bi Pini kwa sababu huongea na pini mdomoni. Bi Pini akawasimulia wateja. Dereva wangu ana mashabiki mitaa miwili.

Hilo ni la kucheka. Sehemu ya kumi na tisa si ya kucheka.

Humo yule msichana anagundua kwamba "shangazi" mwenye koti la kijivu, anayekuja mara moja kwa mwaka na zawadi, ndiye mama yake mzazi. Alimwacha kwa ndugu akiwa na miaka sita, akaenda kutafuta maisha. Msichana anauliza: kwa nini uliniacha? Kiingereza chepesi, hata mkebe wa rangi ungekisoma. Nilikiona chote. Nikafungua mdomo. Nikamtazama mama mkwe.

Naye alimwacha mke wangu kwa dada yake. Tangu miaka sita mpaka kumi na mitatu. Nyumbani hatulitaji hilo. Tunalizunguka kama ndoo ya rangi iliyoachwa mlangoni.

Basi nikasoma: "Anasema, asante shangazi kwa kunitembelea." Na msichana analia mpaka anapiga magoti! Mama mkwe kasema: Ana shukrani mtoto huyu. Tangu hapo mpaka ya thelathini na mbili, huyo shangazi wa uongo nilimbeba mgongoni peke yangu.

Jumatatu, 9 Machi

Wameanza. Mwanamume mmoja ameingiza sauti za tajiri, daktari na babu. Tajiri akimpigia daktari simu, mtu anaongea peke yake. Maandishi ya Kiingereza bado yapo chini, hawakuyaondoa.

Dereva kasema "ndiyo, bosi." Mama mkwe akasubiri. Dereva kafunga mlango.

"Leo anaumwa?" kaniuliza.

"Huenda," nikasema.

Jumatano, 11 Machi

"Ndiyo, bosi." Mama mkwe hakutazama kioo. Alinitazama mimi.

Ijumaa, 13 Machi

Nimekamatwa. Bi Pini alikuja na upindo wake mkononi kutazama nasi. Dereva akatokea, akafungua mlango, akaufunga.

"Na kuku?" kauliza Bi Pini. "Mbona hasemi habari za kuku?"

Nikainuka kwenda kutafuta kitu jikoni, sijui kitu gani.

"Kaa, mwanangu," kasema mama mkwe. Kisha akamgeukia Bi Pini, kwa sauti ya mtu anayeonyesha hati ya nyumba: "Kuku ni wa mkwe wangu. Amewatunga."

"Ametudanganya wote?"

"Nani kadanganywa? Amempa maneno mtu aliyenyimwa. Mtazame huyu wa sasa. Kama mlango wa friji, kufunguka na kufungwa."

Bi Pini katoa pini mdomoni ili acheke vizuri. Wateja wake walikuwa wanangoja dereva amwoe mpishi, anasema, sasa atawaambia nini? Mwambie mwenyewe aje awamalizie, kasema mama mkwe, huyu hapa.

Bi Pini alipoondoka nikamuuliza mama mkwe tangu lini alijua. Tangu kuku, kasema. Kuku gani walale kwenye gari la milioni zote zile?

"Na hukusema?"

"Ningesema, ungeacha."

Sijawahi kusifiwa hivyo. Siku ya kupewa funguo za bohari yote ya rangi sikujisikia hivi. Mtunzi! Mimi, niliyerudia darasa la tano.

Jumamosi, 14 Machi

Nimepaka dari la duka la dawa huku naimba. Matone kwenye miwani. Ndipo likanijia, mkono ukiwa juu: kama alijua habari za kuku, habari za shangazi je?

Nimekaa kwenye ngazi mpaka mwenye duka akauliza kama nina kizunguzungu.

Jumanne, 24 Machi

Sehemu ya kumi na mbili imepita. Nimehesabu kwenye kalenda: ya kumi na tisa ni Alhamisi ijayo, tarehe mbili. Mipango yangu mpaka sasa: (a) waya wa televisheni uharibike, (b) nimpeleke mama mkwe kliniki ya nyonga saa kumi na moja jioni, wakati kliniki hufungwa saa tisa. Mpango wa tatu sina. Hiyo ndiyo akili ya mtunzi.

Jumapili, 29 Machi

Nimemwambia mke wangu. Asubuhi, anakunja nguo, mama yake yuko uani anaota jua. Nikaanza na dereva ili nipate njia. Akacheka. Nikafika kwa shangazi. Mikono ikaacha kukunja.

"Uliona nini usoni kwa mama?" kauliza.

Nikasema sikuona kitu. Niliogopa kuona, ndiyo maana nilisoma vile.

Akakaa kitandani na shati langu mapajani. Akasema aliwahi kumuuliza mama yake swali lile lile, mara moja tu, siku aliporudishwa nyumbani. Aliambiwa: kula, chakula kinapoa. Akala. Hakuuliza tena. Ana miaka arobaini na nne.

"Nikate waya?" nikauliza.

"Wewe baba watoto una mambo." Lakini alikuwa anatabasamu kidogo. "Usiguse waya. Alhamisi nitabadilishana zamu."

Mwanamke huyu hunyoosha shuka mia tatu kwa siku, na sijamwona akiburuta hata moja sakafuni. Najivunia kuandikwa naye kwenye cheti kimoja cha ndoa.

Jumatano, 1 Aprili

Ya kumi na nane. Tajiri amepata ajali, kafungwa bandeji kichwani, na nywele zimechanwa vizuri juu ya bandeji. Nilikuwa sina hamu ya kukosoa.

Ilipokwisha, mama mkwe kasema taratibu, kama anayesema kesho ni siku ya kutoa taka: "Kesho ndiyo ile ya koti la kijivu."

Kumbe naye anahesabu.

Alhamisi, 2 Aprili

Naandika wakati wa matangazo, daftari gotini.

Mke wangu alifika saa kumi. Mama mkwe kamtazama mlangoni, hakuuliza mbona mapema. Kasema tu: mletee kiti. Nikaleta. Mke wangu hakukiacha nilipokiweka, karibu na mlango. Alikivuta mpaka kando ya mama yake, magoti yanakaribia kugusana.

Imeanza. Koti la kijivu limeingia. Zawadi mezani. Msichana amesimama, anajua, uso umeshabadilika — wakakata, wakaweka matangazo. Hawana dini watu hawa.

Mama mkwe akasema: "Ondoa sauti hiyo. Hapa nisomee wewe, mwanangu."

Kuna watu wamelipwa kuisema, kwa Kiswahili safi kuliko changu. Ameniomba mimi.

Nikauliza: "Kama mara ile, mama?"

"Kama ilivyoandikwa. Nyuso naziona. Mtu hasemi asante kwa uso ule."

Basi alijua. Majuma yote haya. Mke wangu hakutikisika, ila mkono wake umeshika ukingo wa kiti cha mama yake.

Nimeondoa sauti. Sasa hivi ni tangazo la sabuni, mwanamke anacheka bila sauti. Likiisha huwa linakuja la bima, kisha tunarudi. Swali nalijua, nitalisoma. Tatizo ni jibu. Mara ile, yule mama alipojibu, mimi nilikuwa natazama sakafu. Sijui anasema nini. Katika sehemu thelathini na mbili, hayo ndiyo maneno pekee ambayo sikuyasoma wala sikuyatunga.

Nimemnong'oneza mke wangu hivyo. Naye kaninong'oneza: soma swali polepole, halafu nyamaza.

Bima. Mzee na mwavuli.

Imekwisha. Msichana amefungua mdomo, maandishi yamekuja, nimeyasoma kama yalivyo — na mama mkwe hatazami kioo. Amegeuza kiti, nyonga mbovu na yote, anamtazama binti yake.