Kimya Chako Kabla ya Neno la Mwisho

Baba, mwaka umetimia tangu ututoke, na bado tukifunga virago tunakusubiri uje ukague mafundo ya turubai.

Uliongoza kikundi chetu cha maigizo kijiji hadi kijiji. Ulilala juu ya mabegi ya mavazi, ukaoga maji ya ndoo, na bado ukapanda jukwaani kola imenyooka. Ulegevu hukuuvumilia. Siku mvua ilipotubakizia watazamaji watatu, tulikuomba tufupishe mchezo. Ulijibu, "Hao watatu wamekosa nini?" Tukaucheza wote.

Mama alikaa nyuma ya pazia akiwanong'onezea waliosahau maneno. Wewe hukusahau. Lakini kila yule mzee mchoyo uliyemwigiza alipofika mlangoni, kabla ya kumwambia bintiye aliyekuwa amemfukuza nyumbani, "Ingia, mwanangu," ulinyamaza mpaka watu wakaanza kukohoa. Mama alidhani umesahau, akakunong'oneza. Baadaye, mkikunja mavazi, ugomvi ulikuwa uleule.

"Mama Pazia, nani kakwambia nimesahau?"

"Unanyamaza kama mtu aliyemeza ulimi. Siku moja nitakuacha uumbuke."

"Niache basi, tuone."

Hakukuacha hata mara moja.

Kanuni yako ilikuwa moja: hatuondoki kijijini kabla watu hawajaona mwisho. Siku ulipougua katikati ya mchezo, tukakupakia kwenye lori kukukimbiza hospitali, tuliivunja. Hukurudi. Hadi leo wanakijiji wale wakikutana na dereva wetu sokoni humuuliza, "Kwani yule mzee alimfungulia bintiye, au alikaza roho?"

Hatukufichi, tumechoka. Lori haliwaki bila kusukumwa, magoti ya Mama yamegoma, na sote tumekubaliana kukivunja kikundi. Kifungua mimba wako, uliyemsomesha shule ya bweni akajifunza kusimama wima, alikataa jambo moja tu: kuvunja kabla ya kuwapa watu wale mwisho wao. Jumamosi hii tunarudi kijijini kwao.

Tulitafuta wa kulivaa koti lako la yule mzee mchoyo. Kila aliyejaribu aliharakisha pale mlangoni. Mwishoni Mama alilichukua mwenyewe, akalipunguza mikono.

"Maneno ninayo," alisema. "Miguu ndiyo sina. Niwekeeni kiti."

Kifungua mimba wako ndiye atakayekaa nyuma ya pazia. Mama amempa sharti: yeye Mama akifika pale ulipokuwa ukinyamaza, asimnong'oneze, hata watu wakohoe namna gani. Pale ni pako.

Unakumbukwa na mkeo, Mama Pazia. Wanao wote na wakwe zako. Dada yako mshonaji. Wajukuu wanaoigiza mwendo wako uani. Dereva, mpiga ngoma na kikundi kizima.

Jumamosi tutalishusha pazia, Baba. Hata likishashuka, hatutakusahau.