Ukuta wa Chumba cha Mama

Nyumbani, kibarazani
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo huko ugenini? Shemeji na pacha hawajambo? Sisi tunaendelea. Kikohozi cha Mama kimepungua, ila ile mashine ya kumsaidia kupumua bado hawezi kukaa nayo mbali. Mimi mwili mzima, roho ndiyo haina raha.

Ile betri uliyotuma ili umeme ukikatika mashine isizime, nilikuambia watu wa halmashauri wananizungusha kibali. Dada, nilikudanganya. Hawajanizungusha hata siku moja.

Kanuni yao ni nyepesi. Betri kubwa namna ile haifungwi kwenye ukuta wa chumba cha kulala, kwa kuhofia moto, na haiwashwi mpaka mkaguzi aione. Hapa kwetu ukuta unaofaa ni mmoja tu, huu wa kibarazani, palipo cherehani yangu. Nikaona, aka, nihame wapi na wateja wameshapazoea? Kwenye fomu nikaandika kwamba chumba cha Mama ni stoo. Fundi umeme alinionya, nikamwambia aifunge tu kwenye ukuta wa chumba hicho, upande wa nje.

Mkaguzi akaja na futi yake, mtu mpole wa watu. Akapima, akaridhika, akatoa kalamu. Kabla ya kutia sahihi akagonga ukuta mara tatu, ajue kama ni wa matofali. Sauti ikajibu kutoka ndani:

"Karibu, mlango uko wazi!"

Akanitazama, akaniuliza taratibu kama stoo yetu huwa inakaribisha wageni. Ningekuwa jirani ningecheka. Akaizungushia betri utepe mwekundu isiwashwe, akafuta ombi, nasi tukarudi mwisho wa foleni. Kweli njia ya mwongo ni fupi.

Tangu hapo umeme umekatika mara nne. Kila mara namsogeza Mama dirishani, nampepea kwa kipande cha boksi la betri yako, naye anahema na kuniambia nisijichoshe. Nimejichukia, Dada.

Jana nimehamishia cherehani uani, chini ya turubai. Fundi ameshaifunga betri kibarazani, na fomu mpya nimeijaza kweli tupu. Mkaguzi anakuja Alhamisi.

Mama nimemweleza yote. Nilidhani atanigombeza. Akasema, "Ungeniomba tu, mwanangu. Ningelala sebuleni, chumba kikawa stoo kweli."

Tangu aseme hivyo chakula hakipiti.

Ukimpigia simu atakuambia betri inafanya kazi vizuri. Ananisitiri. Wewe usinisitiri, nigombeze kama ulivyokuwa ukinigombeza nilipokuwa mdogo, huenda nikapata usingizi.

Nisalimie shemeji na pacha wote wawili. Mama anawabusu. Mungu awalinde, na Alhamisi atupe umeme usiokatika.

Mdogo wako akupendaye, hata kwa haya,
Kitindamimba