Karata Ulizoziacha kwa Nestori

Baba Ester, nakusalimu, mwakeye.

Usishangae mwandiko, ni wangu mwenyewe. Darasa la nne linatosha kumgombeza mume. Umeondoka hukuaga, ukaniachia mbuzi mkorofi na paa linalovuja, kumbe umeacha na karata mezani kwa watu. Hilo nimelijua juzi, tumeshamaliza matanga.

Nilikwenda dukani kwa Nestori kununua chumvi. Nikakuta magunia yake ya maharage barazani, yamefunikwa turubai, mvua imeyalowesha hivyo hivyo. Nikamwambia, "Wewe Nestori, stoo unayo, maharage unayaotesha nje ya nini?"

Akainamisha kichwa. "Bibi, stoo ina mzee."

Nusura nimchape na mwavuli. Akanifungulia mlango, nikaiona meza yenu ya Jumapili, ya hiyo poka aliyowafundisha daktari wa zahanati, yule mtu wa Tanga. Punje za mahindi mnazochezea, kwa sababu hela nilikukataza, zimerundikwa katikati. Viti vimekaa ovyo, kama mlivyoviacha siku kifua kilipokubana. Na mahali pako karata mbili zimelala kifudifudi, juu yake kokwa lako la mise, tunda la mchikichi, lile ulilolisugua mfukoni mpaka likang'aa kama jicho la ng'ombe.

Nikasema, watu wazima mmeshindwa kuondoa kokwa? Nestori akanijibu taratibu, "Kitu cha mtu kikiwa juu ya karata zake, Bibi, bado anacheza. Anayegawa hazikusanyi. Na kitu chenyewe hakiguswi na mkono wa mwingine."

Hapo nikakumbuka ulivyorudi nyumbani siku moja unacheka peke yako. Nestori alikuwa ameweka kufuli la duka juu ya karata zake, ukamwambia, "Unamfungia nani, mwizi wa ng'ombe? Weka kitu kidogo, wenzako waone karata zipo." Nilidhani ni upuuzi wenu wa kupotezea Jumapili.

Baba Ester, ndugu zako waliulizia baiskeli yako kabla hatujashusha turubai la msiba. Mpaka wa shamba la chini umeshasogea, nao haukusogezwa na fuko. Lakini hawa watu baki, huyu wazazi wake walivuka kutoka Burundi, yule kaletwa na serikali, wameacha maharage yaoze kuliko kugusa kokwa la marehemu.

Nestori akamwita daktari. Alikuja ameoga, amevaa shati la Ijumaa. Akasema, "Sisi wote tulitupa karata zetu tukambeba. Aliyebaki mchezoni ni yeye. Wewe ni mkewe, Bibi, mkono wako ndio wake."

Mkono ukakataa. Udongo walikufukia wengine, mimi nilikuwa nimeshikiliwa na wanawake, sikuona vizuri. Hili kokwa nikilinyanyua, ni mimi nimekutoa mchezoni. Nikakaa kwenye kiti chako. Hawakunihimiza. Nje mvua ilikuwa inaanza tena juu ya yale magunia, wala Nestori hakugeuka kutazama.

Nikalinyanyua.

Daktari akazisukuma zile punje zote upande wangu kwa mikono miwili, polepole, kama anampa mtu mzima maji ya kunawa. "Mzee kashinda," akasema. Nikauliza, alikuwa na nini? Akatikisa kichwa. "Aliyebaki peke yake haonyeshi, labda apende mwenyewe."

Unanijua, mimi hata sufuria ya jirani naifunua. Vidole vilikuwa juu ya karata zako kabisa. Nikazisukuma kwake zikiwa kifudifudi, akazichanganya na nyingine, nikasikia zinavyopita.

Basi lala, mume wangu. Paa nitaziba, na wa mpaka nitawafuata mmoja mmoja. Ulichokuwa umeshika sitamuuliza mtu, na tukikutana sitakuuliza hata wewe.

Mama Ester