Mdomo wa Lori

Uyuni, 11 Mei 1996
Mwaka na miezi saba tangu niondoke Tarata

Kwako dada yangu Saturnina,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na mama na watoto. Je, miguu ya mama bado inavimba? Mahindi mmeshavuna? Mimi mwili mzima, ila baridi ya huku haizoeleki, na Jumapili sina wa kula naye. Nachemsha viazi vikavu, nakula nimeelekea ukuta.

Umeniuliza kazi. Kidogo iniponyoke. Lori la Doña Eulogia, lile kuukuu tunalobebea chumvi, liliishiwa nguvu. Tambarare linakwenda, lakini mlimani linakokota na kutoa moshi mweusi, hadi llama wenye mizigo mgongoni wanatupita. Dereva wetu, Don Fortunato, akanisimanga, "Shuka usukume, mtu wa mabondeni, unashiba bure!" Doña Eulogia, ambaye ni mjane, akasema lori linamlilia marehemu mumewe, na lisipopanda wiki ile ataliuza chuma chakavu. Niliogopa, dada. Likiuzwa, hapa hakuna tajiri mwingine wa kunichukua.

Tulibadilisha chujio la dizeli, tukasafisha tangi, tukakagua pampu. Wapi! Don Fortunato akasema ni hewa nyepesi ya huku juu. Lakini mlima ni uleule wa mwaka jana, na moshi mweusi maana yake injini inakula dizeli bila kupata pumzi. Nikamwambia awashe, nikaweka kiganja kwenye mdomo, ndivyo tunavyoliita hapa bomba la kuvutia hewa. Kiganja hakikuvutwa.

Nikafungua chujio la hewa. Limejaa maua na vipande vya karatasi za rangi, vimegandishwa kwa bia na vumbi la chumvi, vigumu kama sabuni kavu. Doña Eulogia akashika kichwa. Jumanne ya Kanivali, tulipokuwa tukilibariki lori kwa bia, maua na karatasi za rangi kama desturi, sisi tulimwagia bia matairi. Yeye kila siku anatusikia tukisema mdomo, mdomo, basi akaona mwenye mdomo alishwe kwanza. Nikamwambia, mama, hiyo ni pua. Akacheka hadi kofia ikamdondoka: "Kumbe nimelipa mafua, maskini!" Tukaweka chujio jipya, na kesho yake lori likapanda na mzigo wote.

Sasa dada, kuna jambo. Kicheko kile nilikiona tu. Maneno yenyewe Don Fortunato alinipigia kelele sikioni baadaye. Sikio la kulia limekufa, la kushoto limebaki kidogo, na daktari wa Oruro amesema hayarudi. Unapopiga simu pale dukani wananiita, nami nimekaa nje nadhani hujapiga. Fundi asiyesikia injini, nani atamwajiri? Doña Eulogia anajua, amenisitiri. Watu wakicheka, nami nacheka, hadi jioni mashavu yananiuma.

Mama mwambie wewe, polepole, akishakula. Watoto wabusu. Nitafika mwezi ujao, mkesha wa Mtakatifu Yohana, kwa basi la jioni. Usiniite kwa mbali mbele za watu. Njoo hadi niliposimama, unishike mkono.

Ndugu yako,
Casiano