Samaki Uliowapandisha Mlimani kwa Debe

Nkoaranga, Meru
Jumapili, 11 Julai 1943

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Leo nimeamua kukuandikia yote bila kuficha, hata yale ambayo Mama anaona yatakutia wasiwasi huko vitani. Nilimkumbusha kwamba wewe ndiye uliyenifundisha kuusema mto kama ulivyo: maji yakiwa safi niseme safi, yakiwa na tope niseme tope. Akacheka, akanipa karatasi.

Nyumbani tu wazima. Mama anakusalimu sana. Kahawa ya upande wa chini imeanza kuwa nyekundu, na ng'ombe amezaa ndama jike mwenye doa jeupe usoni. Bibi bado anayalalamikia magoti yake, lakini utaona mbele ya barua hii kwamba yanamfikisha kila anakotaka.

Ninaandikia juu ya meza ya kuanikia kahawa. Ukungu haujaondoka, na mlima hauonekani kabisa. Ni baridi ile ile uliyokuwa ukiiita baridi ya samaki. Mwezi kama huu ulikuwa ukiniamsha Jumamosi, unanifunga kanga ya Mama mabegani, tunashuka kwa njia ya migombani mpaka kwenye gogo lililolala juu ya mto. Tulikuwa tunalala kifudifudi juu ya gogo hilo, wewe mbele, mimi nyuma, na ulinikataza hata kukohoa. Mwanzoni sikuwa naona kitu ila maji na changarawe. Ukaniambia nisimtafute samaki, nitafute kivuli chake. Nikakiona. Alikuwa jike, ana madoa mgongoni na mstari mwekundu ubavuni kama uzi wa shanga. Alijilaza upande, akapiga mkia, changarawe zikaruka, akapumzika, akapiga tena. Nilikunong'oneza kwamba anafagia kama Mama anavyofagia jiko. Ukasema, "Anawatandikia wanawe."

Neno hilo sijalisahau, Baba. Darasani mwalimu akituambia tuandike juu ya kazi za wazazi wetu, wenzangu huandika kahawa na ng'ombe. Mimi huandika kwamba baba yangu ni mlinzi wa mto, analinda kitanda cha samaki. Hucheka wote.

Walikucheka hata nyumbani. Kwetu hapakuwa na mtu aliyekula samaki, na hata sasa hayupo. Waliwaita nyoka wa Wazungu. Bibi hakukuruhusu kuingia jikoni kabla ya kunawa mpaka viwiko, na wageni wakija alikuwa anakulalamikia mbele yao. "Nilizaa mchungaji wa ng'ombe," alikuwa akisema, "Wazungu wamenigeuzia mchungaji wa nyoka." Wewe ulikuwa unacheka pamoja nao, kisha unaniangalia mimi na kukonyeza.

Nakumbuka pia siku uliyonichukua kwenda mjini, tukalala kwa Shangazi kule Sekei. Shangazi alitandika mkeka wako karibu na mlango ili harufu ya mto itoke nje. Asubuhi ulinipeleka stesheni kunionyesha mahali treni ilipowaleta wale samaki wa kwanza, ulipokuwa kijana bado hujamwoa Mama. Uliniambia walikuwa wadogo kama sindano, wamejazwa ndani ya madebe, na kwamba nyinyi vijana mliyabeba kichwani kutoka mjini mpaka huku juu. Mlipofika penye kijito mlitua, mkamwaga maji yaliyopata joto na kuongeza ya baridi, maana samaki hawa hufa wakipata joto. Wenzako walichoka wakawa wanapita vijito bila kutua. Debe lako ndilo lililofika likiwa na samaki hai wengi kuliko yote, na ndiyo sababu yule bwana wa chama cha wavuvi wa ndoana alikuchagua wewe uwe mlinzi. Tulisimama pale stesheni mpaka nikachoka, na wewe ulikuwa bado unatazama reli kana kwamba debe lingine litashuka.

Nakukumbusha haya kwa sababu ya maneno uliyoniachia. Siku uliyoondoka kwenda kujiunga na jeshi la Keya, samaki walikuwa wakitaga. Ulikuwa umeniahidi kwamba safari ile, vifaranga watakapotoka kwenye changarawe, utanionyesha, kwa kuwa miaka yote ulikuwa umenikataza kukanyaga upande ule. Lori la jeshi likaja kabla yao. Ulinishika kichwa ukasema, "Damari, niangalizie changarawe mpaka nirudi."

Basi nimeziangalia. Na mwaka huu nusura zinishinde.

Yule bwana wa chama naye alikwenda vitani, na mabwana wengine hawapandi tena huku na ndoana zao. Ule ubao wao wa onyo ulianguka wakati wa masika. Mwezi uliopita akaja mtu wa mjini mwenye lori, tukamwita Bwana Lori kwa kuwa hakutuambia jina. Lori lake huliacha Usa River kwenye barabara ya Moshi, yeye anapanda kwa miguu. Nyama imekuwa adimu kwa sababu ya vita, na siku hizi kuna kambi kubwa ya wakimbizi Wapolandi pale Tengeru, watu waliozoea samaki. Kila anayeweza kuwapelekea samaki anapata mnunuzi, na hoteli za mjini pia hununua. Alileta nyavu. Wavuvi wenu wa ndoana walichukua mmoja mmoja na miezi ya kutaga walikuwa hawavui kabisa. Huyu alifunga mto kutoka ukingo mpaka ukingo, kwenye kidimbwi kilicho chini kidogo ya changarawe zetu. Samaki aliyepanda kwenda kutaga hakupita. Ule ubao ulioanguka waliufanya meza ya kupasulia samaki.

Na waliombebea nyavu na vikapu walikuwa vijana wa kwetu. Baba Mdogo Anaeli alikuwa mmoja wao. Usimkasirikie, tafadhali. Kazi zimekuwa chache, naye alidhani hana kosa kwa kuwa hawali, anawabeba tu.

Niliwafuata kidimbwini baada ya shule. Niliwaamkia vizuri, kisha nikamweleza Bwana Lori kwamba samaki hawa wanapanda kutaga, na kwamba akiwamaliza sasa, mwakani hatapata wa kuvua. Aliniuliza kama mto ni wa baba yangu. Nikasema si wake, ila aliwaleta yeye kwa debe. Wakacheka sana. Mmoja akasema nikaombe debe nyumbani niwarudishe stesheni. Baba Mdogo hakucheka.

Nilitaka jambo lipelekwe kwenye mkutano wa wazee wa mfereji wanaosimamia maji, lakini unajua mwenyewe mwanamke hasimami pale, seuze msichana. Nikakaa na uchungu wangu. Kila jioni nilikwenda kwenye gogo letu, nikalala kifudifudi peke yangu, na changarawe zilikuwa tupu. Baba, siwezi kukueleza jinsi mto unavyokuwa mpweke namna hiyo. Maji yanapita tu.

Ikawa siku moja wapagazi wanashuka na vikapu, wakatua kwenye mgeuko wa njia karibu na kwetu, pale wote wanapopumzisha shingo. Bibi alikuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe, nami nyuma yake. Samaki wa juu kikapuni alikuwa amebanwa, na mayai yalikuwa yanamtoka, ya rangi ya chungwa, yanang'aa kama shanga. Bibi akasimama. Akatua majani.

"Ni nini hizo?"

"Mayai, Bibi."

"Nyoka wa baba yako wana mimba?"

"Majike wote, Bibi. Ndiyo maana wanapanda miezi hii."

Akamgeukia Baba Mdogo. "Anaeli, baba yako alikufundisha kuchinja mwenye mimba?"

"Mama, hawa ni samaki."

"Sikukuuliza ni nini. Nimekuuliza kama alikufundisha."

Baba Mdogo akatazama chini. Unajua Bibi hakubali mbuzi mwenye mimba apelekwe hata sokoni, asije akaangukia kisu cha mtu asiyejua. Kesho yake asubuhi alikata isale kwenye mpaka wa shamba, lile jani refu la kijani, sawa na lile alilokwenda nalo kwa jirani kuomba amani mbuzi wetu walipokula migomba yake, na jirani akashindwa kukataa. Akashuka mtoni na magoti yake yale yale. Alifunga isale kwenye mti wa ukingo huu, akanituma nivuke kwenye gogo nikafunge lingine ng'ambo. Halafu akaketi akinung'unika kwamba tangu azaliwe hajasikia mtu akiwawekea nyoka amani, na kwamba mambo haya yote ameletewa na wewe.

Bwana Lori alipofika na vijana, wote walisimama. Yeye hakuelewa wamesimama kwa nini. Akauliza, akaambiwa kuna isale, hapaguswi mpaka aliyeliweka aridhike. Sidhani alitaka kutukana, Baba, nadhani hakujua tu. Alilichomoa lile jani, akaona viatu vyake vina tope, akavifuta nalo, akalitupa majini.

Baba Mdogo alitua kikapu chini polepole, kama mtu anayetua mtoto aliyelala.

"Bwana, mimi siendi."

"Kwa sababu ya jani?"

"Kwa sababu umefuta viatu nalo."

Wengine wakatua vya kwao. Mmoja, yule aliyenicheka habari ya debe, alifungua wavu upande wake wa mto, akaukunja vizuri, akamwekea miguuni. Wakapanda kurudi majumbani. Bwana Lori akabaki na nyavu zilizolowa, njia yote ile ya mteremko, hana wa kumbebea. Kabla hajaondoka alimwambia Bibi kwamba atarudi na watu wasiojua majani. Bibi akamjibu kwamba basi aje nao, wataonyeshwa, kisha akafunga isale jipya kwenye mti ule ule.

Mwinjilisti alikuja jioni kuuliza kama Bibi amerudia mambo ya kale. Bibi akamwambia kwamba isale ni la amani, na kwamba Krismasi yeye mwenyewe mwinjilisti alilifunga mlangoni pa kanisa. Mwinjilisti akanywa uji akaenda zake. Tangu hapo wazee wa mfereji wamekubaliana kwamba upande huu wote wa mto hautatoa mpagazi wa nyavu miezi ya kutaga, na Baba Mdogo hushuka kila asubuhi kukata majani ya ng'ombe karibu na kidimbwi. Majani pale hayakatiki vizuri, lakini tunamwacha. Ule ubao ameurudisha penye mti wake. Ana aibu mbele yako, ndiyo maana ameniomba nisikuandikie habari zake. Nimemwambia nimeahidi kusema yote, na kwamba utapenda mwisho wake kuliko utakavyochukia mwanzo.

Sasa hofu yangu ni Bwana Lori. Sijui kama atarudi, na watu wa mbali kweli hawajui isale. Lakini jana Jumamosi nilishuka kwenye gogo. Nilitafuta kivuli, kama ulivyonifundisha. Nikakiona kimoja, halafu kingine nyuma yake. Jike akajilaza upande, akapiga mkia. Nilifunika mdomo kwa kanga nisikohoe. Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu, sikujua kama amenifuata. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Anafagia." Akaondoka, na jioni ile hakuwaita tena samaki nyoka.

Baba, barua yako ya mwisho tuliipata kabla ya masika. Mama huisoma tena kila Jumapili, ameshaichakaza kwenye mikunjo. Husemi uko wapi, na tunajua hamruhusiwi. Mimi hukuwazia penye mto, kwa kuwa siwezi kukuwazia mahali pengine. Nikisikia maji usiku wa mvua, nadhani labda na wewe unasikia ya huko.

Kaa salama. Jifunike vizuri, usilale na nguo zilizolowa. Sisi tunakuombea katika sala ya asubuhi na ya jioni, na Bibi huongeza maneno ya Kimeru ambayo mwinjilisti hayajui. Barua hii nitaipeleka kesho posta ya Usa River mwenyewe, nisimwachie mtu.

Nakuomba sasa unijibu swali moja, na unijibu upesi uwezavyo, hata kama ni mstari mmoja tu kwa mkono wako. Bibi anasema isale halitaondolewa mpaka watoto watoke, na wa kuliondoa ni mwenye samaki, yaani wewe, au mimi kwa ruhusa yako. Mayai yako chini ya changarawe sasa hivi ninapoandika. Lakini vifaranga hukunionyesha, Baba, na hapa nyumbani hakuna mwingine anayewajua. Watakapotoka, nisimame wapi niwaone bila kuwakanyaga?

Ni mimi binti yako unayemjua kwa kukohoa,
Damari