Nilimjibu Rubani Hapana

Shangazi Cornelia, shikamoo. Nisaidie kabla sijaharibu zaidi, maana jambo lenyewe likisimuliwa linachekesha lakini mimi linaniliza. Kazi yangu ni kuongoza ndege kutoka mnarani, kiwanja sitakitaja, na aliyenivuruga ni rubani mmoja anaitwa Edwin, mama yake ni wa Chala, hukuhuku kwetu, lakini yeye amezaliwa na kukulia Kanada. Tulijuana kwa balaa. Siku hiyo ng'ombe walikuwa wameingia kwenye njia ya kutua ndege, akaniuliza redioni kwa Kiingereza cha kazini, njia haiko wazi? Nikamjibu ndiyo, yaani ndiyo, haiko wazi, yeye akaelewa iko wazi akaendelea kushuka, nikapiga kelele apande, akapanda, baadaye abiria wakashuka salama wakidhani ulikuwa upepo tu. Mkuu wangu alinigombeza na nilistahili. Edwin alikuja mnarani, akasema, "Pole, dada. Nusura niwachinjie ng'ombe bila kisu." Nikacheka huku nalia, mapenzi yakaanzia hapo.

Mwezi uliopita nilimpeleka kijijini kwetu, Mollo, kwa wazazi. Mama alimsongea ugali wa ulezi, akala kwa adabu, akabakiza. Tulipotoka nje akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Hutaki tuoane?" Shangazi, moyo ulinilipuka kwa furaha, nikainamisha macho kwa haya, nikajibu, "Hapana!" Akauachia mkono wangu. Kisha akasema, "Asante kwa kuniambia ukweli," akanirudisha mpaka mlangoni akaenda zake. Tangu hapo simu hapigi, redioni ananipa maneno ya kazi tu, na nasikia ameomba kubadilishiwa safari, wiki ijayo ndiyo mara yake ya mwisho kuja huku. Nadhani aliona moshi wa jiko letu akajuta. Mama kila jioni ananipigia simu kuniuliza, "Mkwe wangu mbona simwoni?" namwambia yuko kazini. Je, nimbembeleze mtu aliyetudharau, au nimsahau?

Edith, Izia

*

Edith mwanangu, marahaba. Futa machozi, halafu ukae nikugombeze vizuri.

Nani amekudharau? Umemkataa wewe! Ukiniuliza mimi, "Hujala?" nikajibu, "Ndiyo," utanipakulia, maana ndiyo, sijala. Huko alikokulia Edwin wangeondoa sahani. Sisi tunajibu maneno ya aliyeuliza, wao wanajibu kama chakula kimeliwa au hakijaliwa. Basi alipouliza, "Hutaki?" nawe ukasema, "Hapana," ulimaanisha kwamba si kweli, unataka. Yeye akasikia, sitaki. Ni kosa lilelile la ng'ombe, ila safari hii hakuna aliyepiga kelele. Na wewe ambaye kazi yako ni kusikilizana na watu walio angani umekaa mwezi mzima bila kumwuliza kulikoni! Kuuliza si ujinga, binti.

Hata hivyo nimempenda kijana wako. Mwanamume kasikia hapana, hakukusumbua, hakukutukana, hakukusema kwa watu. Alikushukuru, akakufikisha mlangoni, akaondoka na kidonda chake. Wa namna hiyo hawaokotwi njiani. Ugali wa ulezi atauzoea. Marehemu mume wangu Rafaeli, mtu wa ziwani, alitumia miaka kuuzoea, na mwishowe akawa anakwangua sufuria, nami mpaka leo nikisonga namkumbuka.

Sasa sikiliza. Usimwambie redioni, wanasikia wengi na yeye amebeba roho za watu. Usimtume mtu, wala usimwandikie ujumbe wenye makopakopa. Wiki ijayo akishatua na kuzima injini, omba mwenzako akushikie zamu, shuka, kasimame mbele yake. Haya ya binti ni nzuri, lakini kwa huyu haitafsiriki, kwa hiyo inua macho. Usiulize swali. Sema sentensi nzima: "Edwin, nataka kuolewa na wewe."

Nasikia rubani akipewa maelekezo huyarudia, ili mwongozaji ajue yamefika. Mwambie naye arudie. Huenda sauti ikamkatikia katikati ya sentensi. Wewe msubiri amalize.