Baba Salma, Hukuuawa na Chanjo

Mume wangu, Baba Salma,

Huku hatujambo, ila mwanao kanitia hasira mpaka nimeshika kalamu. Unanijua, mimi na kalamu hatukupatana tangu shule. Nakuandikia wewe, lakini asome na yeyote anayetaka, maana maneno yenyewe hayasemwi kwa siri. Sokoni Kibiti yanasemwa, stendi yanasemwa, na sasa yamefika Mloka, nyumbani kwa Salma. Wanasema uliuawa na chanjo ya korona.

Salma kajifungua tena, safari hii mtoto wa kike. Nilikwenda kumwangalia, nikapika uji, nikamkanda kwa maji ya moto, nikafua nepi. Siku moja nikauliza mtoto ameshapata chanjo zipi. Mkwe wetu akajifanya anatafuta jembe. Salma ndiye aliyenijibu: "Mama, huyu hachanjwi. Baba alichanjwa, sasa yuko wapi?"

Jibu nilikuwa nalo, Baba Salma, lakini uliniapisha nisilitoe. Nikaosha vyombo ambavyo vilishaoshwa.

Unakumbuka korona ilipoingia? Ulikuwa umeshaacha kazi yako ya mashine za boti kule Kiongoroni, kwenye Delta, tumehamia Kibiti ili uwe karibu na hospitali kwa ajili ya sukari. Kuacha kwenyewe kwa jina tu. Watu wa Delta walikuwa wanakuletea mashine mpaka barazani, zimefungwa nyuma ya bodaboda, zinavuja oili kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki. Daktari akakwambia mtu mwenye sukari akipata ugonjwa huu ataumia kuliko wengine, kwa hiyo kaa mbali na misongamano na usipande mabasi. Ukamwitikia vizuri. Wiki hiyohiyo Salma akamzaa Yahaya, mjukuu wetu wa kwanza.

Hapo ndipo ukoo wenu ulipotuletea kazi. Kwetu Umatumbini nywele za mtoto anazinyoa yeyote mwenye wembe na mkono usiotetemeka. Kwenu nyie watu wa maji, nywele za kwanza za mjukuu wa kwanza ni za babu mzaa mama, mwingine hagusi. Shekhe alikukumbusha habari ya kunyoa siku ya saba, ukamwambia Mungu anajua kuna ugonjwa. Ukapiga simu Mloka ukatoa amri: "Nywele hizo zinanisubiri mimi. Chanjo ikitoka nachanjwa, nakuja." Wakwe kwa heshima zao wakakubali. Nadhani waliona ni jambo la miezi miwili mitatu.

Basi ukahamia kwenye redio. Kila taarifa ya habari ulikuwa nayo, na aliyepita barazani ilikuwa lazima aisikie. Wanasayansi wameanza. Wamejaribu kwa wanyama. Sasa wanajaribu kwa watu waliojitolea. Bwana Sherali wa duka la misumari na rangi alikuwa anavuka barabara kuja kubishana nawe, na mimi nawapikia chai.

"Fundi, chanjo ni kazi ya miaka," alikuwa anasema. "Hii ya harakaharaka mimi siitaki."

"Hawajaanza sifuri," unamjibu. "Virusi vya jamii hii wameshavifukuzia zamani. Mashine ukishaifungua mara moja, ya pili hupotezi muda kutafuta bolti."

"Binadamu si mashine, fundi."

"Ndiyo maana wanajaribu kwanza!"

Siku moja nimetoka sokoni na matembele yangu, nakukuta umeinama, redio imezimwa. Nikadhani kuna msiba. Ukaniambia, "Wamesimamisha majaribio. Mtu mmoja kati ya waliojitolea kaugua." Nikasema si nilikwambia, ukaninunia mpaka chakula cha jioni. Lakini baada ya siku kadhaa ulikuwa na maneno mengine. Ukasema kama wangekuwa waongo wasingesimama. Anayetaka kukuuzia mashine mbovu haizimi mbele ya macho yako akaifungua. Wakachunguza, wakaendelea.

Ikaja habari ya chanjo nyingine, hiyo ilijaribiwa ikaonekana haina nguvu, wenyewe wakaiacha. Hiyo ilikuuma. Ulisema watu wamekesha maabara, kisha wameambulia kurudi nyumbani. Mimi niliuliza kwani wanalipwa au hawalipwi, ukasema sijui uchungu wa fundi. Labda kweli siujui.

Halafu ile siku redio iliposema kuna inayofanya kazi, na inafanya kazi vizuri! Lo! Ulinishika kiuno palepale barazani, mchana kweupe, Bwana Sherali anaangalia, sikujua uso niupeleke wapi. Mtu mzima na mvi zako. Furaha ile ikadumu mpaka taarifa ya habari iliyofuata, waliposema inahitaji kutunzwa kwenye baridi kali kuliko ya friji yoyote tunayoijua. Ukacheka mpaka machozi. "Mama Salma, barafu ya kuhifadhia kamba wa Kiongoroni inayeyuka kabla boti haijafika bandarini Nyamisati! Hiyo baridi wataibeba na nini?" Ulicheka, lakini nilijua umevunjika moyo.

Zikatoka nyingine zisizotaka baridi ya namna hiyo. Nchi tajiri zikaanza kuchanja watu wao kwanza, na kwetu hazijafika. Ndugu yake Bwana Sherali aliyeko Ulaya akatuma picha kainua mkono wa shati. Uliitazama sana picha ile, ukasema tu, "Ni kijana huyu." Tena ikaja habari ya damu kuganda. Baadhi ya nchi zikasimamisha, wakaangalia, wakasema ni nadra sana, wakaendelea kwa masharti. Hapo mimi niliogopa kwelikweli. Nilikwambia achana nayo, tungoje nyingine. Ukaomba simu tumtazame mjukuu.

Na mjukuu mwenyewe! Zile nywele zilikuwa kichaka. Wanawake wa Mloka walikuwa wanamwita bibie. Zilimwingia machoni, Salma akaamua kumsuka, ukapiga kelele nyumba nzima ikasikia: "Mwanangu anamsuka mjukuu wangu wa kiume!" Nikakwambia basi aje mjomba wake mmoja amnyoe yaishe. Ulinitazama kana kwamba nimetukana mama yako.

Kisha Bwana Sherali akaugua. Kifua kilianza kidogo, baadaye akawa hawezi kumaliza sentensi. Wakampeleka Dar, hakurudi. Duka likafungwa. Ulikuwa unakaa barazani na redio pembeni yako bila kuiwasha, na mimi kwa mazoea nikawa napika chai ya watu watatu. Zile siku ndizo nilizokuogopea. Ulikuwa ukikohoa kidogo tu nasimama.

Chanjo ilipofika Kibiti uliondoka bila kunywa chai. Nilikufuata, hofu yangu mkononi kama pochi. Tukakuta watu wachache mno, na nesi akatuambia tusubiri: kichupa kimoja kinatosha watu kadhaa, kikishafunguliwa kina saa zake, hawezi kukifungua kwa wazee wawili, dawa inayobaki akaimwaga. Ukangoja kidogo, uvumilivu ukakuishia. Ukatoka mpaka barabarani, ukasimama pale wanapoegesha vijana wa bodaboda, ukaanza kunadi kama muuza nguo: "Njooni! Napungukiwa watu! Atakayechanjwa sasa hivi nitamwangalizia injini yake!" Wakacheka, lakini wakaja. Nesi akafungua kichupa. Mimi nikachanjwa kwa aibu, maana ningebakije mimi peke yangu wakati vijana wale wamekuja.

Ukapata homa na mkono ukauma. Asubuhi ukadai uji. Hiyo ndiyo chanjo yako, Baba Salma, mwanzo wake na mwisho wake. Mimi nilikuwepo.

Tukasubiri wiki tulizoambiwa, tukaenda Mloka. Mkwe alikuwa ametoka kwenye dungu, kibanda cha juu cha kulindia shamba, kufukuza tembo wasimalize mahindi, macho mekundu, lakini alitupokea kwa mikono miwili. Yahaya alikuwa ameshajua kukimbia, na alikukimbia wewe na wembe wako. Wakamshika watu wawili. Alilia, ukanyoa, alilia, ukanyoa, mpaka kichwa kikabaki chepesi kinang'aa. Ukampangusa kwa kanga yangu, ukageukia ukutani. Na wewe ulilia, Baba Salma. Ulidhani sikukuona.

Tukavuna mpunga mara mbili baada ya hapo. Lakini hilo watu hawalisemi. Wanasema alichanjwa, akafa. Katikati wamepafuta.

Sasa nafika kwenye lako. Kandambili yako ilikatika. Mtu mwingine angenunua mpya, wewe ni fundi, ukaifunga kwa waya. Waya ukakuchoma chini ya kidole, na kwa sukari ile ulikuwa husikii maumivu. Ulipokuja kukiona kidonda, ukajitibu: chumvi, mafuta ya taa, mara sijui majivu. Kisha ukaanza kuvaa soksi. Jua hili la Kibiti, fundi mashine kavaa soksi ndani ya kandambili! Nilikucheka. Nilidhani ni uzee, kumbe unaficha. Harufu ndiyo iliyokusema.

Nilikusihi twende hospitali. Wewe, uliyeijua kila maabara ya dunia kwa redio, ukaniambia, "Watanikata. Fundi wa mguu mmoja atapandaje boti?" Hujapanda boti miaka, lakini ndivyo ulivyosema. Ukanishika mkono, ukaniapisha Salma asijue, kwa sababu akijua atakuja kukubeba mgongoni mpaka kwa daktari. Nikaapa. Tulipokupeleka ulikuwa umeshaanza kuniita kwa jina la mama yako. Daktari alisema sumu ya kidonda imeingia kwenye damu. Hukukaa sana.

Mvua ya siku zile ilikuwa imekata barabara ya Mloka. Salma alifika umeshazikwa. Waliokuosha waliuona mguu, lakini mwosha hasemi alichokiona kwenye mwili wa mwenzake, ndiyo adabu yetu, na Mungu awalipe kwa kukusitiri. Wao wamenyamaza, mimi nimeapa. Matangani kina mama wakaanza: si ndiye yule aliyekuwa anaita watu barabarani wakachanjwe? Salma aliyasikia hayo akiwa amekaa karibu yangu. Alipoeleza kwamba sukari uliishi nayo miaka yote, na kitu kipya kilikuwa sindano tu, sikuweza kumlaumu. Kwa aliyoyajua, hesabu yake ilikuwa sawa.

Lakini siku ile Mloka, na yule mtoto mchanga kalala miguuni pangu, sikuweza tena. Nilimkuta Salma anachambua mchele. Nikamwambia, "Mwanangu, baba yako hakuuawa na chanjo. Kauawa na mguu."

"Mguu gani?"

Nikamweleza. Waya, mafuta ya taa, soksi, harufu, kiapo. Alisikiliza bila kuinua macho, vidole vinaendelea kutoa mawe kwenye ungo. Nilipomaliza akauliza taratibu, "Mama, angewahi hospitali, angepona?"

Nilitaka kumwambia ni mapenzi ya Mungu, na ndivyo ilivyo. Lakini sicho alichouliza. Nikamwambia, "Ndiyo. Mguu pengine wangeukata. Ungekuwa na baba."

Mchele ulimwagika wote. Alilia mpaka majirani wakaja kuuliza nani kafa. Hapo nikaelewa kwa nini aliing'ang'ania ile chanjo: ilikuwa rahisi kuichukia yenyewe kuliko kukukasirikia wewe. Kesho yake akajifunga kanga, akambeba mtoto, tukaenda zahanati. Mtoto alipodungwa akalia, na Salma akalia naye, nesi akadhani ni huruma ya mama.

Basi nimevunja kiapo, na msamaha sikuombi. Mwanao kakukasirikia sasa, tena sana. Mwache. Tangu uondoke alikuwa analia na sindano. Sasa anakulilia wewe.

Pumzika, mume wangu.

Mkeo aliyekucheka soksi,
Mama Salma